Blogu ya darasa isiyohitaji bando

Mhariri, swali lenu la wiki hii liliuliza: mwalimu mtarajiwa ajiandae vipi kufundisha uandishi kwa kompyuta na blogu katika shule ya sekondari ya kawaida? Mazungumzo ya namna hii huanza na intaneti na hukwama hapohapo, kwa sababu shule haina bando, na likiwepo ni la ofisi ya mtaaluma. Mimi nasema intaneti isubiri. Kinachomfanya mwanafunzi arudie insha yake na kuinyoosha ni kujua kwamba itasomwa na mtu mwingine zaidi ya mwalimu, na mtu huyo anaweza kuwa amekaa dawati la nyuma. Blogu inayoishi ndani ya chumba cha kompyuta tu inatosha kwa muhula mzima.

Vifaa ni vichache: kompyuta mpakato moja itakayobeba blogu, ruta yoyote ya bei rahisi hata kama haina laini, na kompyuta za shule zilizounganishwa kwenye ruta hiyo kwa waya au Wi-Fi. Pakua XAMPP (inayoigeuza kompyuta kuwa seva) na WordPress (inayotengeneza blogu) ukiwa chuoni kwenye intaneti ya bure. Zote ni programu huria, na kwa pamoja hazizidi MB 250. Ukishasakinisha XAMPP, washa Apache, inayogawa kurasa, na MySQL, inayotunza makala, tengeneza hifadhidata tupu, fungua faili la WordPress lililobanwa ndani ya htdocs, folda ya kurasa iliyomo kwenye XAMPP, na folda itakayotokea uipe jina «blogu», kisha fuata hatua zinazojitokeza kwenye kivinjari.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kwenye mpakato wako blogu inafunguka vizuri; kwenye kompyuta za wanafunzi haifunguki, au inafunguka bila rangi wala picha. Sababu ni kwamba WordPress hukumbuka anwani uliyoitumia wakati wa kusakinisha, na anwani hiyo ni «localhost», ambayo kwa kila kompyuta humaanisha «mimi mwenyewe». Kompyuta ya mwanafunzi inaitafuta blogu ndani yake na haiikuti. Ingia kwenye mipangilio ya jumla, badilisha anwani mbili za blogu zilizo hapo ziwe namba (IP) ya mpakato wako kwenye mtandao wa ndani, kwa mfano http://192.168.1.10/blogu. Kisha iambie ruta impe mpakato huo namba ileile siku zote. Usipofanya hivyo, siku ruta ikizimwa na kuwashwa inaweza kugawa namba nyingine, na blogu «itapotea» asubuhi ya kipindi. Ikiwa bado haionekani, angalia ukuta wa ulinzi (firewall) wa Windows. Mara nyingi ukuta huo ndio ulioizuia Apache.

Mambo mawili madogo yanaokoa muda. Zima picha za wasifu kwenye mipangilio ya maoni, kwa kuwa zinatafutwa intaneti na zitachelewesha kurasa. Na unapofungua akaunti za makundi, WordPress itadai baruapepe kwa kila moja. Weka za kubuni kama kundi1@darasa.test. Kwa kuwa hakuna barua itakayotoka, nywila ikisahaulika utaibadilisha wewe mwenyewe. Kila kundi lipe hadhi ya mchangiaji (Contributor): anaandika na kuwasilisha, lakini hawezi kuchapisha bila wewe kuidhinisha. Mchangiaji pia hawezi kupandisha picha, kwa hiyo wanafunzi wakilalamika kwamba kitufe cha picha hakipo, kompyuta ni nzima. Picha pandisha wewe, ukiwa umezipunguza hadi upana wa pikseli 800. Picha ya simu ilivyo ina MB kadhaa na haina faida yoyote kwenye skrini ya darasani.

Kuhusu umeme: blogu ikae kwenye mpakato wenye betri inayoshika chaji, isiwekwe kwenye kompyuta ya mezani. Umeme ukikatika ghafla MySQL ya XAMPP huweza kuharibika na kugoma kuwaka tena, na humo ndimo makala zote zilimo. Ndiyo maana kunakili folda ya htdocs peke yake si hifadhi. Kila Ijumaa hamisha makala kwa zana ya kusafirisha iliyo ndani ya WordPress, uweke faili hilo kwenye flashi ambayo haizunguki kwa wanafunzi. Flashi inayozunguka itarudi na virusi, hilo halina mjadala.

Sasa hesabu ya kipindi. Tuseme darasa la Kidato cha Pili lina wanafunzi 45 na kompyuta nzima ni 9. Makundi ya watu watano, kompyuta moja kwa kundi. Kila wiki kundi linachapisha makala moja ya maneno 150, na mwenye makala hubadilika, hivyo ndani ya wiki tano kila mwanafunzi ana makala yenye jina lake la kalamu. Asiyezoea kibodi mpangie maneno 8 kwa dakika; maneno 150 yatakula kama dakika 20. Kipindi cha dakika 80 kigawanye hivi: 10 za kuwasha na kuingia, 20 za kuchapa, 10 za kusoma kwa sauti na kurekebisha, 25 za maoni. Zinabaki 15. Hizo usizipangie kazi. Zitamezwa na kipanya kibovu na nywila iliyosahauliwa. Wakati mmoja anachapa, wa pili anamsomea rasimu, na watatu waliobaki wanaandika kwenye karatasi maoni yao juu ya makala ya kundi jingine.

Rasimu ya kwanza iandikwe daftarini, kabla ya kuingia chumba cha kompyuta. Anayetunga na kutafuta herufi kwa wakati mmoja ataandika sentensi mbili. Tena mtihani wa taifa bado ni wa kalamu, na mkuu wa shule atakuuliza kuhusu mtihani huo siku ya kwanza.

Kibodi huleta makosa yake. Wanafunzi wanaoshika simu nyumbani watakuletea «cjui», «xaxa» na «2po». Usiwakemee, waulize bibi yao angesomaje, kisha waandike upya. Makosa magumu zaidi ni yale wanayoyaona kila siku mitandaoni hadi yameonekana sahihi: «kwasababu» badala ya «kwa sababu», «nilipo fika» badala ya «nilipofika», «ambae» badala ya «ambaye», «mahari» mtu akikusudia «mahali». Kikagua tahajia hakitakusaidia, maana kikiwa cha Kiingereza kitapiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno, baya na zuri, na wanafunzi watazoea kuupuuza. Kizime. Badala yake bandika ukutani orodha ya makosa kumi ya darasa hilo, uibadilishe kila wiki.

Maoni ndiyo kiini cha kazi yote, na ndiyo yanayofundishwa vibaya. Ukiwaachia huru watajaza «safi sana» na «hongera». Weka sharti: maoni yataje sentensi moja ya makala ile, na yaulize swali moja ambalo makala haijalijibu. Chukua mfano wa mwanafunzi wa Dar es Salaam, kwenye soko la samaki la Feri, aliyeandika hivi:

«Mama yangu anauza samaki feri. Anaamka mapema sana. Kazi hii ni ngumu.»

Maoni yenye faida ni haya: «Umesema anaamka mapema sana. Saa ngapi? Na kwa nini asiende kukishapambazuka?» Irudishe makala kuwa rasimu, maana mchangiaji hawezi kuhariri iliyokwisha kuchapishwa; mwandishi akiirudia atalazimika kusema jambo:

«Mama huamka saa tisa usiku ili awahi mnada Feri. Akichelewa, samaki wazuri wameshachukuliwa, na waliobaki wateja wa mtaani huwabonyeza shavu na kuondoka.»

Neno «ngumu» limetoweka na ugumu unaonekana. WordPress hutunza matoleo ya awali ya makala, kwa hiyo fungua toleo la kwanza na la mwisho mbele ya darasa, yakae sambamba. Alama nazo zifuate mabadiliko hayo. Katika alama 20, ningetoa 8 kwa tofauti ya toleo la kwanza na la mwisho, 6 kwa maoni aliyowaandikia wenzake, na 6 kwa lugha. Ukitoa zote kwa lugha, aliyetoka shule ya msingi ya kulipia atashinda kila wiki na wengine watakata tamaa.

Mada kama «faida za misitu» ziepuke, kwa maana jibu lake limejaa kila mahali na litanakiliwa. «Jinsi fundi baiskeli wa mtaani kwetu anavyoziba pancha» hakuna pa kulinakili.

Kutoka nje ya ukuta wa shule, yaani kuiweka blogu kwenye intaneti, si uamuzi wa mwalimu aliye kwenye BTP, yaani mazoezi ya kufundisha. Nchini Tanzania, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliweka blogu chini ya leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano; nafasi yake ilichukuliwa na kanuni za 2020, ambazo nazo zimerekebishwa tangu hapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inagusa majina na picha za watoto, na kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Hao ni sehemu kubwa ya wanafunzi wa sekondari, hasa wa vidato vya chini. Kwa hiyo jambo hilo lianzie kwa mkuu wa shule, kwa maandishi, na ridhaa ya mzazi ipatikane kabla ya makala ya kwanza. Hata hapo, tumia jina la kalamu, usiweke picha ya sura, usitaje mtaa anaoishi mtoto, na kila maoni yasubiri idhini yako.

BTP ikiwa ya wiki nane, wiki ya kwanza iende kwa ufungaji wa mtambo na mazoezi ya kibodi, ya pili hadi ya sita kwa makala, ya saba kwa marekebisho. Wiki ya nane chapa makala zote kwenye karatasi zibaki maktaba, mwachie mwalimu wa somo faili la hifadhi pamoja na nywila ya msimamizi iliyoandikwa kwa mkono, na kaa naye kipindi kimoja aiwashe blogu mwenyewe huku wewe mikono imekaa mfukoni.