Mwalimu Anajibu: Nani aliiba blanketi za Agis?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kila nikisoma habari za Wagiriki wa kale nakutana na Athens na Sparta, wafalme na vita. Watu wa kawaida walisumbuliwa na nini, na tunajuaje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Iache Athens kwanza, twende Epirus, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki. Chini ya mlima Tomaros pana bonde liitwalo Dodona, ambako palikuwa na mwaloni mtakatifu wa Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, na mkewe Dione. Waliokwenda Delphi, mahali pengine walipouliza miungu, tunawasikia sana, maana wengi walikuwa wakubwa. Dodona alikwenda yeyote mwenye lake moyoni, kama watu wanavyokwenda kupigiwa ramli.

Swali kwa Zeus lilichorwa kwa ncha kali kwenye kipande chembamba cha madini ya risasi, kikakunjwa. Madini hayo hayaozi, ndiyo maana tunayo maandishi zaidi ya 4,000, mengi ya kati ya karne ya 6 na ya 2 KK. Mgiriki mmoja, Karapanos, alianza kuchimbua mabaki pale miaka ya 1870, ila mkusanyo mkubwa ulichapishwa mwaka 2013 tu.

Sasa msikilize Agis. Amepotelewa na blanketi na mito, anamwuliza Zeus kama aliyeiba ni mtu wa nje. Wa nje! Mimi naona tayari alikuwa anawatazama wa nyumbani kwa jicho la pembeni. Nilipokuwa nafundisha, darasa lilisinzia kwa Perikles, kiongozi wa Athens, lakini nikimtaja Agis wote waliamka, kila mmoja na mshukiwa wake.

Mwingine, Lysanias, anauliza kama mimba ya Annyla si yake. Sentensi moja tu. Wengine waliuliza juu ya ndoa, safari, biashara, afya.

Majibu ni machache mno, kwa hiyo sijui nikuambie nini kuhusu blanketi zile. Kinachowatesa wasomaji wa maandishi hayo ni jambo jingine: kipande kilitumiwa tena na tena. Aliyekuja nyuma alilifuta swali la mwenzake, akaandika lake juu yake, na mikwaruzo ya wote wawili imebaki humo, herufi juu ya herufi.