Kuandika habari za wanawake wauaji: huyo mama wa kijijini mwache

Kamwene dada. Nimekuelewa: unataka kuandika habari za Mary Ann Cotton wa Uingereza, kisha umtaje mama wa kijijini kwenu Mufindi anayesemwa kuwa aliwaua waume zake.

Cotton mwandike. Alinyongwa Durham mwaka 1873, lakini kosa lililothibitishwa mahakamani ni moja tu: kumuua kwa sumu ya arseniki mtoto wake wa kambo, Charles, wa miaka 7. Kwa vifo vingine andika "anashukiwa". Na huyo mtoto mpe nafasi; wasomaji humkumbuka muuaji tu, jambo linaloniuma sana.

Huyo mama mwache kabisa. Hana hukumu, ana maneno ya kwenye kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi. Huku kwetu mjane akishanyooshewa kidole anaweza kuchomewa nyumba usiku huohuo. Kama una ushahidi, peleka polisi, na umwone wakili kabla hujachapisha lolote.