Wafagiaji watakula wapi?

Ukurasa wa wasomaji. Anajibu afisa afya mstaafu wa Dar es Salaam.

SWALI: Shikamoo mama. Nakaa Tabata na kila siku napanda daladala kwenda Kariakoo. Juzi kijana aliyekaa mbele yangu, kavaa vizuri kabisa, alimaliza maji yake, akafungua dirisha, akarusha chupa nje. Nikamwambia, mdogo wangu, si ungeshuka nayo? Akajibu: "Dada, tusipotupa, wafagiaji watakula wapi?" Gari zima likacheka, mpaka konda. Nikanyamaza, lakini imeniuma. Naamini nyumbani kwao hatupi chupa sebuleni. Kwa nini barabarani anatupa? Na ningemjibu nini?
Dada wa Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo neno la wafagiaji nimelisikia miaka yote ya kazi yangu, na linaniudhi kwa sababu anayelisema hajawahi kumwuliza mfagiaji. Wale akina mama wa vikoti vya rangi ya machungwa hawalipwi kwa wingi wa chupa. Kila mmoja ana kipande chake cha barabara, anakianza alfajiri kabla magari hayajashona. Hata tusitupe kitu, mchanga, vumbi na majani yanamtosha. Chupa ya saa nne asubuhi haimwongezei hata shilingi, maana kwa saa hiyo ameshapita. Inayoipokea ni mifereji.

Sasa, kwa nini anatupa? Umeshagusa penyewe uliposema sebuleni kwao hatupi. Nimeingia nyumba ambazo sakafu inang'aa, uani pamefagiwa mpaka mistari ya chelewa inaonekana, na nyuma ya ukuta ule ule kuna jalala la nyumba hiyo hiyo. Mwenye nyumba si mchafu. Ila ukuta wake ndio mwisho wa pake. Kuanzia pale ni pa serikali, na pa serikali wengi wetu tunapahesabu kuwa hapana mwenyewe.

Kuna na macho. Mtu kabla hajatupa huangalia chini. Mwaka 1990 mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Cialdini, na wenzake walichapisha majaribio yao: waliweka vikaratasi kwenye vioo vya magari yaliyoegeshwa, wakatazama wenye magari watavifanyaje. Pale sakafu ilipokuwa imeshatapakaa karatasi, wengi zaidi walivitupa chini. Palipokuwa safi, wengi waliondoka navyo. Kijana wako alipofungua dirisha aliona chupa za wenzake. Kwake ile ilikuwa ruhusa tosha. Na huko kituoni anakoshuka, pipa liko wapi? Tuseme kweli, vituo vingi havina.

Lakini chupa ya dirishani ni sehemu ndogo ya jambo hili. Kubwa zaidi ni taka zinazosubiri mvua, na wakazi wa mjini mnajua ninachosema. Wingu likifunga, watu wanatoa viroba vyao na kuvishusha mtaroni viende na maji. Wakati mmoja tulifungua kalavati mtaani kwetu lililokuwa linarudisha maji majumbani. Vijana walipoinua mfuniko wa zege, maji hayakuonekana. Juu palikuwa na pampasi zilizovimba, chini yake chupa zimelaliana zikiwa na maji nusu, kandambili, vifuu vya madafu, na salfeti moja limefungwa kwa kamba vizuri kabisa, halijafunguka. Hilo salfeti silisahau. Aliyelifunga alikuwa mtu mwangalifu, aliyetaka nyumba yake iwe safi, na wala hakuwa na shida na jirani. Mvua ilikuwa ndilo gari lake la taka, na halidai ada.

Maji ya huko kwenu Tabata yanaishia Mto Msimbazi, unaotoka milima ya Pugu, ukapita Vingunguti na Jangwani mpaka baharini karibu na Daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu takriban 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mvua ile ilikuwa kubwa na watu walikuwa wamejenga kwenye njia ya mto. Sitasema chupa ndizo zilizoua. Ninachokijua ni kwamba mtaro ulioziba hugeuza hata mvua ya kawaida kuwa mafuriko, maji yakachanganyika na ya vyooni, kipindupindu kikaanzia hapo. Na kile kifuu chenye maji kidogo ndipo mbu wa dengi anapotaga. Mayai yake hukaa pakavu miezi kadhaa yakingoja maji. Dar tuliugua dengi mwaka 2014, tukaugua tena 2019.

Kijana usimhubirie mbele ya abiria. Kicheko cha gari zima ndicho kilichompa nguvu. Zungumza na konda wa gari unalolizoea, afunge kiroba nyuma ya kiti cha dereva. Akisema yeye "chupa huku", watamtii, gari ni lake. Jioni ampe mwokota chupa pale kituoni, anayeziuza kwa kilo. Huyo ndiye anayekula kwa chupa kweli, na anaitaka kavu, haijalowa tope la mtaro.

SWALI: Mimi ni mzee wa Mbagala. Gari la taka kwetu linaweza kupotea wiki mbili. Nimeamua kuchoma kila kitu uani jioni. Kuna ubaya?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Upo, tena mkubwa, hasa kwa plastiki na pampasi. Moshi wake una sumu, dioksini ikiwemo, na jioni ndipo wajukuu wanapokuwa uani na hewa imetulia. Betri na makopo ya dawa ya mbu yasisogee motoni kabisa, hulipuka.

Tenganisha. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani mijini kwetu ni maganda na mabaki ya chakula, na hayo ndiyo yanayonuka na kukufanya ushindwe kungoja gari. Chimba shimo, yaweke humo, funika kwa udongo kila mara. Baada ya miezi michache una mbolea ya mchicha. Chupa mpe mwokota chupa. Kinachobaki ni kikavu, kinaweza kukaa ndani ya kiroba wiki mbili bila harufu.

Kuhusu gari, usiende peke yako. Kusanyeni risiti za ada za nyumba kadhaa, mziweke mezani kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mumwombe amwite mkandarasi mkiwepo wenyewe.