Siku sita Leh, Ladakh: pangeni kwanza mtalala wapi usiku upi, vivutio vitajipanga vyenyewe

Mkuu nimeiona hiyo ratiba uliyopewa na wakala wa Delhi, nikacheka kidogo halafu nikaona bora niandike kirefu, maana swali la Leh, mji wa milimani huko Ladakh kaskazini mwa India, linarudi kila vijana wetu wanaosoma Chandigarh na Pune wakifunga chuo. Kwa ambao hawajaiona: jamaa na wife wake wanaruka asubuhi kutoka Delhi, mchana wa siku hiyohiyo wanazungushwa mjini, siku ya pili wanapelekwa ziwa la Pangong na kulala hukohuko kwenye mahema, ya tatu wanavuka kwenda bonde la Nubra, ya nne wanarudi Leh, ya tano monasteri (nyumba za watawa wa Kibudha) zote kwa mpigo, ya sita ndege. Anauliza hoteli gani nzuri, vivutio gani asikose na nguo gani abebe.

Mimi nilisoma huko India na Leh nimeenda nikiwa mwanafunzi, baadaye nikarudi na wageni kutoka nyumbani, kwa hiyo naongea kitu nilichokiona. Na kabla sijagusa hoteli naomba hiyo ratiba uichane.

Waliowahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu watanielewa haraka. Siku ya kwanza unalala Mandara, mita 2,720 hivi, ya pili ndo unafika Horombo, mita 3,720, na wengi wanaongeza usiku mmoja hapo Horombo ili mwili uzoee hewa nyembamba ya juu, na yote hayo umeenda kwa miguu yako huku guide anakuimbia pole pole. Sasa Leh mji wenyewe uko mita 3,500 hivi na Delhi iko kama mita 200 tu, ndege inachukua saa moja na dakika kidogo. Yaani unatuliwa karibu na Horombo na ile chai uliyokunywa Delhi bado iko tumboni. Halafu wakala anataka usiku wa pili mlale Pangong, mita 4,250 hivi, baada ya kupita Chang La ("La" kwao ni njia ya kuvukia mlima) ambayo imezidi mita 5,300. Hapana mkuu. Hiyo ni ratiba ya mtu anayeuza siti za gari.

Kanuni ya kule ni kwamba mchana unaweza kupanda juu ukashuka, kinachokuumiza zaidi ni pale unapolala. Na hapa ndo kuna kitu wengi hawakijui: Nubra iko CHINI kuliko Leh. Barabara inapita Khardung La, mita 5,359 (kuna mabango yanajisifia zaidi ya hapo, achana nayo), watu wanasikia Khardung La wanaogopa, lakini ukishavuka unateremka mpaka vijiji vya Diskit na Hunder ambako ni kama mita 3,100, unalala vizuri kuliko hata Leh. Kwa hiyo mpangilio unakuwa Leh, Leh, Leh, Nubra, Leh, ndege. Pangong kwa siku sita mimi ningeiacha. Najua picha za yale maji ya bluu ndo zimewavuta, lakini ukipata siku nane ndo uiweke mwisho kabisa baada ya Nubra, kuna njia inafuata mto Shyok inayounganisha huko huko bila kurudi Leh. Kwenda na kurudi siku moja kutoka Leh inawezekana, ni kama kilomita 160 kwenda tu za milima na kona, mtafika mmepondeka, mpige picha, mgeuze.

Haya, hoteli. Za usiku wa kwanza na wa pili ndo za kuchagua kwa makini, hizo zingine usiumize kichwa.

Kwanza ulizia chumba cha chini. Sitanii. Hoteli nyingi za Leh ni ghorofa mbili tatu, lifti nyingi hazina, na wao kwa ukarimu wao wanapenda kumpa mgeni chumba cha juu kabisa eti ndo kina mandhari. Siku ya kwanza zile ngazi na begi ni adhabu, unafika juu moyo unadunda kama umekimbia, unakaa kitandani dakika kumi hujavua hata viatu. Omba cha chini siku mbili, ukizoea uhamie juu ukaangalie mlima vizuri.

Pili maji ya moto. Tovuti zote zitakwambia maji ya moto masaa 24, ukifika unakuta ni asubuhi saa moja mpaka saa tatu na jioni kidogo, au wanakuletea ndoo. Ndoo sio mbaya, mimi naipenda, ila uliza mapema ujue. Kuna hoteli moja sitaitaja, tuliambiwa kuna hita ya bafuni, kweli ipo imening'inia ukutani inang'aa, umeme ndo hamna mpaka saa moja usiku. Uliza na jenereta. Na maji kule ni ya kuhesabu, Ladakh ni jangwa la baridi, mvua yao ya mwaka mzima ni kama milimita 100 tu, wanategemea theluji inayoyeyuka, kwa hiyo usioge kama uko Tanga.

Tatu ni eneo. Changspa ndo kwa wazungu wa mabegi, migahawa na bustani nyingi, kumetulia, ila kwenda sokoni ni mwendo na kurudi kuna mwinuko. Fort Road na maeneo ya karibu na Main Bazaar unatoka mlangoni uko mjini, kelele kiasi. Kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza na mke wake ningesema karibu na bazaar, ili hata mkijisikia vibaya duka la dawa na hospitali ya serikali ya SNM viko karibu. Gesti za familia nazo usizidharau, unakula walichopika wao, mama mwenye nyumba anakuuliza kila asubuhi umelalaje na ukimjibu kichwa kinauma anakujua kabla hujajijua.

Nne, uliza kama wana mtungi wa oksijeni hapo hapo hotelini. Nyingi zinao. Kuna kijana mmoja wa Mumbai tulifikia naye gesti moja, mtu wa gym, kifua hiki hapa. Ametua asubuhi, saa sita mchana kapanda mpaka Leh Palace kwa miguu akipiga video, jioni analetewa mtungi mapokezini, kafunikwa blanketi mbili, midomo imebadilika rangi, hata jina la chumba chake halikumbuki vizuri. Wakampeleka hospitali usiku huo, kesho yake akawekwa kwenye ndege ya kwanza ya kushuka Delhi. Mazoezi hayasaidii kitu hapo, tena vijana wenye nguvu ndo wanaongoza kwa sababu hawakai chini.

Buking: lipia usiku wa kwanza na wa pili tu, uliobaki mwambie utaamua ukifika. Kama tarehe zenu zinagongana na sikukuu ya monasteri ya Hemis, ambayo inafuata kalenda yao na kwetu huangukia mwezi wa 6 au wa 7, vyumba vinapanda bei na vinajaa, hapo lipia zote. Mkifika mapokezi watataka pasipoti, viza na ile karatasi yako ya ukaazi kwa sababu wanajaza Fomu C ya wageni, ni sheria ya India nzima, usije ukaona wanakusumbua kwa rangi.

Siku ya kwanza kivutio ni kitanda. Mlale, mnywe maji, mle supu (thukpa, tambi na mboga, itawafaa), jioni mjikongoje mpaka kona ya kwanza mrudi. Usiku mnaweza kushtuka pumzi imekata halafu inarudi, inatokea kwa wengi, kaa kitako kidogo. Pombe iacheni kwanza.

Siku ya pili jioni chukueni teksi mpaka Shanti Stupa. Nimesema teksi, kuna ngazi zaidi ya 500 na kuna barabara ya gari, wewe nenda na barabara. Ni stupa nyeupe (jengo la ibada la Kibudha lenye kuba) waliyoijenga Wabudha wa Kijapani, Dalai Lama aliizindua 1991, na pale juu ndo utaelewa bonde lenyewe lilivyo: milima yote kavu kahawia haina hata jani, halafu chini mstari wa kijani wa miti ya mipopla unaofuata maji, maji yakiishia na kijani kinaishia hapo hapo kama kimekatwa na kisu. Nendeni saa kumi na moja jioni. Leh Palace, ile ya ghorofa tisa ya mfalme Sengge Namgyal ya karne ya 17, iwekeni siku ya tano mkisharudi kutoka Nubra, mkiwa na mapafu.

Siku ya tatu fuateni mto Indus. Na hapa ndo nitakuomba kitu kimoja: amkeni alfajiri muwahi monasteri ya Thiksey, ni kilomita 19 hivi tu. Watalii wanaenda saa nne wanapiga picha ile sanamu ya Maitreya (Buddha ajaye) ya mita 15, wanaondoka. Ukiwahi alfajiri unakuta watawa wawili wamesimama juu ya paa na baragumu zao wanapuliza, mlio mzito unaousikia tumboni kabla ya masikioni, halafu wanaingia kwenye sala, wakubwa wamekaa kwa mistari, watoto watawa wa miaka nane tisa wanakimbizana na mabirika makubwa kuwajazia chai. Na wewe uliyekaa pembeni ukutani unajaziwa pia. Ile chai ina siagi na chumvi. Mtu wa pwani aliyezoea sukari nne na iliki atashtuka, mshikaji niliyekuwa naye alikinywa kikombe chote kama dawa, na kila akipiga funda yule mtoto mtawa anarudi anajaza tena. Siri ni kuiacha imejaa mpaka mwisho. Vueni viatu, msikae mmeelekeza nyayo kwa watawa, na msipige picha wakati wa sala bila kuuliza.

Kutoka hapo kasri la zamani la Shey liko njiani, Hemis mbele zaidi, mkichoka rudini mkalale. Upande wa pili wa Leh kuna Sangam pale Nimmu ambapo mto Zanskar unaingia Indus, mito miwili rangi mbili inatembea sambamba kabla ya kuchanganyika, pazuri. Magnetic Hill, ile barabara wanayosema gari linapanda lenyewe, ni macho tu yanadanganywa na mteremko, simameni dakika tano dereva afurahi.

Nubra sasa. Wageni wote tunahitaji kibali maalum cha maeneo ya mpakani, hata kama una viza ya mwanafunzi, na anayekiombea ni wakala aliyesajiliwa pale Leh, hoteli yenu itawaunganisha. Mpeni pasipoti siku ya kwanza mkiwa mnapumzika, kikitoka toeni kopi nyingi maana kila kizuizi cha njiani wanabaki na moja. Mji wa Leh na hizo monasteri za karibu hazihitaji. Pale Khardung La kila mtu anashuka kupiga picha na bango: shukeni, pigeni, rudini garini, dakika 15 zinatosha kabisa. Kule Hunder kuna michanga kama ya jangwani na milima ya theluji nyuma, na ngamia wa nundu mbili, mabaki ya misafara iliyokuwa inapita kwenda Asia ya Kati. Kumpanda mimi sioni raha yake, foleni ndefu na mzunguko wenyewe mfupi, ila kukaa pale jua likizama ni bure.

Teksi za Leh zina chama chao na bei zimechapishwa, omba wakuoneshe hiyo orodha, na gari la kukodi la kutoka nje hawaliruhusu kuzungusha watalii. Kama bajeti imebana kuna teksi za kuchangia za kwenda Nubra. Bebeni keshi, ATM za Leh zipo ila zina foleni, na Nubra msizitegemee. Laini za simu za kulipia kabla za Delhi au Punjab kule kawaida hazishiki, za kulipia baadaye ndo zinashika, kwa hiyo waambieni nyumbani mapema msije mkatafutwa ubalozini. Na tiketi ya kurudi: ndege nyingi za Leh zinaruka asubuhi kwa sababu ya upepo wa mchana, hali ya hewa ikikataa inafutwa mpaka kesho. Ndege ya Delhi kuja Dar isiwe siku hiyohiyo hata kwa dawa.

Afya, na mimi sio daktari: nendeni mkamwone mmoja kabla. Ulizeni Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, watu wengi wanaanza siku moja kabla, inakufanya ukojoe sana na vidole viwe kama vina sisimizi, na wenye mzio wa dawa za salfa lazima waseme. Kitu ambacho blogu za wahindi na wazungu haziandiki ni selimundu. Kwetu watu waliorithi vinasaba vyake kwa mzazi mmoja tu ni wengi na hawajijui kwa sababu hawaumwi, lakini mwinuko mkubwa unaweza kuwaletea maumivu makali ya bandama, upande wa kushoto chini ya mbavu. Pimeni wote wawili, ni kipimo cha kawaida. Wenye selimundu yenyewe wasiende kabisa bila daktari wao kusema, na kama wife ni mjamzito hilo nalo lianzie kwa daktari. Kichwa kinachouma kidogo ni kawaida, lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganya maneno au kukohoa na kukosa pumzi akiwa amekaa, mnashuka hospitali saa hiyohiyo, msisubiri kukuche.

Umeuliza na nguo. Mwezi wa sita mchana tisheti, jua likizama jaketi, Khardung La jaketi na kofia na glavu. Losheni ya jua mpake na nyie, hii habari ya kwamba weusi hatuungui ukirudi na pua inayobanduka utaiacha. Bebeni vaselini kopo kubwa, hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka na pua inatoa damu asubuhi, paka ndani ya pua usiku kabla ya kulala. Ukishapata tarehe za tiketi ziweke hapa nikuangalizie kama Hemis inawagusa.