Kumtafutia mtoto wa chekechea mwalimu wa kuogelea, Mtwara na Lindi

Wengi huku kusini huona kwamba mtoto aliyezaliwa jirani na bahari hahitaji mwalimu: akikua atafuata wenzake majini, atajua. Kwa mtoto wa miaka tisa huenda ikawa hivyo. Kwa wa miaka mitatu au minne, hapana. Kichwa chake bado ni kizito kulinganisha na mwili, akianguka majini hajui kujigeuza, na huzama kimya, bila kupiga kelele wala kurusha mikono. Shirika la Afya Duniani hutaja watoto wa mwaka 1 hadi 4 kuwa ndio wanaokufa maji kwa kiwango kikubwa kuliko rika lolote.

Kwa hiyo unayemtafuta si mtu wa kumfanya mwanao apige mbizi wiki ijayo. Unamtafuta wa kumfundisha mambo matatu: kuzuia pumzi, kuelea chali, na kurudi ukingoni akatoka mwenyewe. Mitindo ya kuogelea itakuja baadaye. Wakitimiza miaka minne ndipo wengi huwa wanaweza kufuata maelekezo ya mtu asiye mzazi wao. Wa miaka mitatu aingie majini na mama, baba au mjomba wake.

Mabwawa yetu ni machache, na mengi ni ya hoteli. Kabla ya kuuliza bei, nenda na futi ya fundi upime kina upande wa maji madogo. Mtoto wa miaka minne ana urefu wa karibu mita 1, na bwawa la watu wazima linaweza kuanza na mita 1.2. Hapo hasimami popote. Kina kinachomfaa ni cha kumfika kifuani, sentimita 60 hadi 70. Kisipokuwepo, mwalimu achukue mtoto mmoja tu kwa wakati, au pawe na ngazi pana ya kukalia. Angalia pia sakafu: ikiwa huoni vizuri kifuniko cha tundu la kutolea maji chini kabisa, mtoto aliyezama naye hataonekana. Harufu kali ya dawa inayochoma macho si dalili ya usafi. Ni klorini iliyokwisha kuchanganyika na jasho na mkojo, maana yake maji yamechoka.

Baharini hesabu ni nyingine, na hapa ndipo watu hukosea zaidi. Mwalimu akikupa ratiba ya "kila Jumamosi saa nne asubuhi" pale ufukwe wa Shangani, Mtwara, au ufukweni Lindi mjini, basi hajafikiria maji. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Ndani ya siku saba ni karibu saa sita, kwa hiyo Jumamosi hii yamejaa, Jumamosi ijayo saa ile ile yamekupwa na mtoto anatembea juu ya matope. Mvuvi yeyote atakueleza: siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi na hukupwa karibu na saa nne, tena hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa mkondo wenye nguvu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hujaa asubuhi hiyo hiyo ya saa nne na mkondo ni mdogo. Hizo ndizo siku za watoto. Ingia saa ya mwisho ya maji kujaa, toka kabla hayajaanza kuvuta kurudi. Anayepanga masomo kwa mwezi mwandamo badala ya kalenda ya ukutani, msikilize.

Majira nayo yana neno. Kusi la Juni hadi Agosti huleta upepo na mawimbi, na maji hupoa. Kuanzia Oktoba bahari hutulia na maji hupata joto, na kwa bahati ni wakati huo huo minada ya korosho inapoanza na wazazi wengi wanapokuwa na fedha ya kulipa. Ghuba ya Mikindani imekingwa na mawimbi kuliko ufukwe wa wazi, ila kagua chini kwanza, maana sehemu nyingine ni tope na mizizi ya mikoko. Mito na mabwawa ya asili ya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, tusiyafikirie kabisa: Ruvuma ina mamba na viboko, na maji baridi yaliyotulia ndiyo makao ya konokono wa kichocho.

Omba kutazama somo moja zima kabla ya kulipa. Mwalimu mmoja asiwe na watoto wa umri huu zaidi ya wanne. Wanaosubiri zamu wakae wapi? Jibu zuri ni nje, migongo ukutani, na mtu mzima wa pili akiwatazama bila simu mkononi. Somo liwe la dakika 30, mara mbili kwa wiki kuliko saa nzima mara moja. Midomo ikianza kuwa ya bluu au mtoto akitetemeka, atolewe hata kama zimepita dakika kumi. Na ukiona mtoto anatupwa majini "azoee", ondoka na wa kwako. Anachojifunza pale ni kumeza maji na kumwogopa mwalimu.

Muulize swali hili pia: mtoto akitolewa majini hapumui, utafanya nini? Akisema atamning'iniza kichwa chini maji yatoke, huyo hafai. Anayejua atasema: pumzi tano mdomoni kwanza, kisha kubonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa kila pumzi mbili, bila kusimama, huku mwingine akipiga 114 ya Zimamoto na Uokoaji au akitafuta gari.

Yale maboya ya kupuliza ya mikononi yaache dukani. Humsimamisha mtoto wima kama anayetembea, na mkao huo ndio wa kuzama. Siku akiruka bila maboya, mwili utarudia ulichozoea. Kwenye mtumbwi au boti avae jaketi okozi la saizi yake, lenye mkanda wa kupita kati ya miguu. Nguo ya kuogelea iwe ya rangi ya chungwa au nyekundu. Bluu na nyeupe hupotea majini. Mzazi anayeingia naye avae ya kubana; kanga na dera hujaa maji na kuzinga miguu.

Kuelea chali ndiko kunakochukua muda mrefu. Mtoto huinua kichwa kumtafuta mama, miguu inashuka, anashtuka, somo limeharibika. Kwa hiyo mama asisimame upande wa miguu. Asimame nyuma ya kichwa, masikio ya mtoto yawe ndani ya maji, aambiwe atazame makuti juu. Anza na hesabu ya tatu, ifike kumi. Kutoka ukingoni kunafundishwa kwa maneno manne anayoyasema mwenyewe: kiwiko, kiwiko, tumbo, goti.

Nyumbani, kati ya somo na somo, apulize mapovu kumi kwenye beseni kila jioni, mdomo kwanza, siku nyingine na pua. Kaa naye mpaka amalize, kisha mwaga maji hapo hapo, na pipa la uani lifunikwe.