Kanisa limejaa, kura ziko wapi?

Bwana Yesu asifiwe, mwandishi. Mbona Kenya haina chama cha Wakristo waziwazi? (Msomaji, Kayole)

Amina. Katiba haikubali. Kifungu cha 91 kinakataza chama kuundwa kwa misingi ya dini, kabila au eneo. Hata kabla ya Katiba hii, mwaka wa 1992, chama cha Waislamu, IPK (Islamic Party of Kenya), kilinyimwa usajili. Unaloweza kuwa nalo ni chama chenye misimamo ya kanisa, mlango wazi kwa wote.

Pasta wetu husifu ACDP, chama cha Kikristo cha Afrika Kusini. Ni kina nani hao? (Umoja)

Ni chama cha Mchungaji Kenneth Meshoe, kilichoundwa 1993. Kinapinga uavyaji mimba na ndoa za jinsia moja, na kinataka adhabu ya kifo irudishwe. Mwaka wa 1996 ndicho chama pekee kilichoikataa Katiba mpya bungeni. Sikubaliani nacho, lakini ujasiri huo nauheshimu. Mwaka wa 2024 kilipata viti 3 kati ya 400.

Na Mchungaji David Mwaure wa chama cha Agano, aliyewania urais 2022, alikosea wapi? (Kibra)

Alipata kura 31,987, asilimia 0.23. George Wajackoyah, aliyetaka bangi ihalalishwe, alipata 61,969! Nadhani Mwaure aliuza bidhaa ambayo wanasiasa wenzake wanaigawa bure. Katiba tayari inasema uhai huanza mimba inapotungwa, na kwamba ndoa ni ya watu wa jinsia tofauti. Halafu Jumapili unawaona wanasiasa kanisani: msafara unaegeshwa nje, mheshimiwa anaketi mstari wa mbele, anapewa maikrofoni, anakariri Zaburi, bahasha ya jengo inapokelewa kwa vigelegele. Mrengo huu na ule. Muumini akifika debeni anawaza bei ya unga, na ni nani kati ya wagombea wawili wakuu atakayeingia Ikulu.

Chama kama hicho kikishinda, kitapiga marufuku uavyaji mimba kabisa? (Kasarani)

Si rahisi. Kifungu cha 26 kinauruhusu maisha au afya ya mama ikiwa hatarini, na kukibadilisha lazima kura ya maamuzi. Viongozi wengi wa makanisa waliipinga Katiba mwaka wa 2010 kwa ajili ya kifungu hicho na mahakama za Kadhi. Wakabwagwa.

Nataka kuanzisha changu. Nianzie wapi? (Dagoretti)

Kwa Msajili wa Vyama. Usajili kamili unadai wanachama 1,000 walio wapiga kura katika kila moja ya kaunti zisizopungua 24. Nairobi ni kaunti moja tu, hata ukijaza Uhuru Park.