Itheneti Ikikataa Kwenye Hackintosh, Anza na Namba za Chipu

Wiki jana kijana mmoja wa Nakuru aliniandikia: "Dada, nimejiundia kompyuta, macOS imeingia vizuri, picha na sauti ziko sawa, lakini itheneti imekataa katakata. Bodi ni mpya, tundu lake ni la 2.5G. Nimeweka keksti zote za mtandao nilizopata. Nifanyeje?" Mashine kama hiyo, isiyo ya Apple lakini inayoendesha macOS, ndiyo tunaita Hackintosh; itheneti ni mtandao wa kebo, na keksti ni kipande cha programu, yaani draiva, kinachoiwezesha macOS kutumia chipu fulani. Nilicheka, kisha roho ikaniuma, maana najua watu hufundishwa na nani kuweka zote. Ni mafundi wa aina ya yule aliyekula pesa zangu hapa Kisumu mwaka 2021.

Wakati huo nilikuwa nimeacha kazi ya kuajiriwa, nikaanza kuhariri video za harusi na matanga kivyangu. Mkono wangu ulikuwa umezoea Final Cut Pro, programu ya Mac ya kuhariri video, na bei ya Mac ilikuwa ya kutazama tu dirishani. Nikakusanya vipande kimoja kimoja: prosesa ya Core i5-8400, bodi ya mtumba ya B360, RAM, kesi iliyokwaruzwa ubavuni. Fundi mmoja mjini akakubali kuniwekea Big Sur, toleo la macOS la wakati huo, kwa OpenCore, programu inayowasha macOS kwenye mashine isiyo ya Apple. Ile tufaha nyeupe ilipotokea kwenye skrini nilipiga kigelegele pale pale dukani, wateja wengine wakageuka.

Mtandao tu ndio haukuwepo. Fundi akawasha tochi ya simu, akachungulia tundu la kebo, akatangaza kwamba kadi imeungua na radi. Kwa mtu wa Kisumu hilo ni rahisi kuamini. Hapa wingu la jioni likianza kunguruma tunakimbilia kuchomoa ruta kabla ya televisheni. Lakini hakuniambia mimi. Alimgeukia mdogo wangu wa kiume, aliyekuja tu kunisaidia kubeba mashine kwenye boda kutoka Mamboleo, akamwambia, "Boss, mwelezee huyu mama anunue kadi nyingine, ninayo hapa." Mdogo wangu huyo hajui hata kubadilisha nenosiri la simu yake. Na hela ya mashine niliilipa mimi.

Nilirudi nyumbani na hasira, na siku hiyo hasira ilinifaa. Jirani alikuwa na flashi yenye Ubuntu. Nikawasha kompyuta kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, nikachomeka kebo ile ile. Intaneti ikaja papo hapo. Kadi iliyoungua haifungui ukurasa wa gazeti, wapendwa. Nikafungua dirisha la amri, nikaandika lspci -nn, amri inayoorodhesha vifaa vilivyomo ndani ya mashine pamoja na namba zake, na kwenye mstari wa itheneti nikasoma [8086:15bc]. Namba ya kwanza, 8086, ni ya Intel. Ya pili ndiyo jina halisi la chipu: I219-V.

Nikafungua folda ya EFI aliyoniwekea fundi, ile inayobeba OpenCore na keksti zake. Ndani kulikuwa na RealtekRTL8111, keksti ya chipu za Realtek, si za Intel. Alikuwa amenakili EFI ya mashine ya mtu mwingine, nzima nzima, kisha akasingizia radi.

Sasa sikiliza, hapa ndipo wengi mnapotea. Apple huweka ndani ya macOS draiva za chipu zilizomo kwenye mashine zake yenyewe. Yako ikiwa nje ya hizo, lazima ipate keksti yake, na keksti isiyoitambua chipu haifanyi lolote, hata uweke kumi. Intel I217, I218 na I219 hutaka IntelMausi. Namba ikianza na 10ec hiyo ni Realtek: 8168 hutaka RealtekRTL8111, na 8125, ile ya 2.5G, hutaka LucyRTL8125Ethernet. Ukiona 8086:15f3 hiyo ni I225-V, ya 2.5G ya Intel, nayo ina visirani, kwa sababu mipangilio yake hubadilika kulingana na toleo la macOS. Fuata mwongozo wa OpenCore wa Dortania, ulioko mtandaoni, wa toleo lako neno kwa neno. Kwa hiyo, kaka wa Nakuru, tundu lako la 2.5G huenda ni moja kati ya hizo mbili za mwisho. Soma namba yake, kisha toa keksti nyingine zote za mtandao. Na kama lspci haionyeshi itheneti kabisa, ingia BIOS, yaani mipangilio ya bodi yenyewe, uone kama kuna mtu aliizima.

Kutupa keksti ndani ya folda hakutoshi. OpenCore hupakia tu kilichoandikwa kwenye config.plist, faili lake la mipangilio, sehemu ya Kernel, chini ya Add. Mimi hutumia ProperTree, programu ya kuhariri faili hilo, na ile amri yake ya OC Snapshot, inaorodhesha yenyewe. Ukishawasha upya, andika kextstat | grep -i mausi (kama keksti yako ni nyingine, weka jina lake badala ya mausi). Isipojibu kitu, haijapakiwa, na hakuna haja ya kugombana na ruta.

Yangu ilijibu. Nikadhani nimemaliza, kumbe App Store ikakataa kuniingiza, ati kompyuta haiwezi kuthibitishwa. Wakati nikihangaika nilikuwa nimeunganisha intaneti ya iPhone kwa USB, nayo ikakalia nafasi ya en0, jina ambalo macOS huupa muunganisho wa mtandao wa kwanza. Itheneti ikapewa namba inayofuata. Huduma za Apple hutaka en0 iwe kadi ya ndani. Nilizima intaneti ya simu, nikafuta NetworkInterfaces.plist na preferences.plist kwenye /Library/Preferences/SystemConfiguration (weka nakala kwanza), nikawasha upya, nikaongeza itheneti kabla ya kitu kingine chochote. App Store ikafunguka.

Halafu kuna kebo, na hii nitaisema polepole. Miezi kadhaa baadaye nilianza kuvuta picha kutoka kompyuta ya pili, nikaona zinatambaa. Nikaandika ifconfig en0, kwenye mstari wa media pakasoma 100baseTX badala ya 1000baseT. Nikashika kichwa cha kebo, kile cha plastiki angavu, nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Nyaya nne tu ndizo zilizofika mbele: mbili za chungwa, mbili za kijani. Za bluu na za kahawia zilikuwa zimekunjwa nyuma, ndani ya ganda. Kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hutosheka na jozi mbili. Ya 1000 hutaka zote nne. Kadi ya kamera ya GB 64 ilikuwa ikichukua saa moja na nusu. Kwa kebo yenye nyaya nane, dakika kama kumi. Huyo aliyefunga kebo naye alilipwa vizuri.

Mkiona anwani inayoanza na 169.254, keksti iacheni. Kompyuta imejipa anwani yenyewe kwa sababu ruta haijaijibu. Angalieni kebo na ruta.

Leo watu wanaoniita "madam wa Hackintosh" ni wengi, na siwakatazi. Lakini ndugu zangu, acheni kuogopa dirisha la amri. Acheni kuamini tochi. Namba ziko ndani ya mashine yako, zisome, chipu kwanza, kisha keksti, kisha en0. Na msinunue vipande vipya leo kwa ajili ya kazi hii: Apple ilitangaza mwaka 2025 kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa mashine za Intel, na leseni yake tangu zamani hairuhusu macOS nje ya kompyuta za Apple. Mwenye pesa mkononi atafute Mac mini ya M1 ya mtumba. Haya ni ya aliye na mashine tayari.

Ukiamua hata hivyo kumpa fundi, usilipe kabla hajachomeka kebo mbele yako, akakuonyesha 1000baseT kwenye ifconfig, na akakupa nakala ya folda ya EFI kwenye flashi yako mwenyewe. Na akimgeukia mdogo wako kumweleza, beba mashine yako uondoke.